Mzungukoni: nani ampishe nani?

Sisi wa malori tunaoingia Uganda kwa Malaba huambiwa mapema kwamba mizunguko (raundabauti) ya Kampala haina sheria, inataka roho tu. Sheria ipo, tena fupi: aliye ndani tayari ndiye anayepishwa. Uganda tunaendesha kushoto na tunazunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo aliye ndani atakujia kutoka kulia. Kabla ya kuingia, tazama kulia. Lakini barabarani husikika imani potofu kadhaa, nazichukua moja moja.

“Barabara kubwa ndiyo yenye haki.” Hii imekita mizizi kweli. Anayefika mzunguko wa Kibuye, Kampala, kwa barabara ya Entebbe huona kwamba wa barabara ndogo hana budi kumngoja. Mzungukoni upana wa lami hauhesabiwi. Wala si suala la adabu peke yake. Walio ndani wakisimama kuwapisha wanaoingia, anayetaka kutoka hapati upenyo, magari yanagusana pua kwa mkia, na mduara mzima unaganda hadi atokee afande wa kuufungua. Waingereza nao walisumbuka hivyo hivyo, ndipo mwaka 1966 wakaifanya kanuni kwamba apishwe atokaye kulia.

“Ukienda moja kwa moja, washa hazadi.” Hazadi, yaani indiketa zote zikimweka kwa pamoja, ni za gari lililokwama au lililosimama pabaya. Anayesubiri kwenye njia inayofuata huenda akaiona taa yako ya kushoto tu, ile nyingine imefichwa na taksi. Ataamini unatoka, ataingia, mtakutana mlangoni. Ukienda moja kwa moja, indiketa haihitajiki unapoingia. Ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto. Anayekwenda kulia awashe ya kulia tangu anakaribia, kisha abadilishe anapotoka.

Kumulikiana taa pia hakumpi mtu haki. Kuna anayemulika akimaanisha pita, na kuna anayemaanisha usithubutu.

Inayonikosesha usingizi ni hii: “Lori likiacha nafasi pembeni, nafasi hiyo ni ya bodaboda.” Magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata kona kwa ndani. Ili nitoke kushoto bila kupanda ukingo, lazima kwanza nivute kichwa cha lori kulia. Hapo kushoto kwangu panabaki uwazi mpana, na mwenye pikipiki, pengine na abiria wawili mgongoni, anauona kama njia. Sekunde chache baadaye tela linaufunga. Kichwa kikishapinda, kioo cha kushoto kinanionyesha ubavu wa tela tu, yeye simwoni. Ndugu yangu, kaa nyuma ya tela hadi limalize kukata kona. Na wenye magari madogo, indiketa yangu ya kushoto ikiwaka huku nikisogea kulia, sijachanganyikiwa.

Trafiki mwenye sare nyeupe akinyoosha mkono, haki yako ya kupishwa inasubiri. Usibishane naye katikati ya mduara.

Halafu kuna wanaodhani aliyeimudu Kampala ameimudu njia yote. Ukivuka Katuna kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara, magari yanazunguka kinyume, na wa kukugonga atatokea kushoto. Miaka ya mazoea ipo shingoni, haibaki mpakani. Utingo wangu analijua hilo, kila tukikaribia mzunguko wa kwanza ananigusa bega: “Kushoto, mzee.”