Joho la gramu 49: Wachina wa kale na mavazi ya kiangazi

Nafundisha ufumaji, na kila nikigusia China ya kale naulizwa swali lilelile: walistahimilije joto, ilhali michoro yao inaonyesha mikono mirefu na mavazi ya kufika miguuni? Jibu langu huanzia Changsha.

Changsha uko mkoa wa Hunan, kusini mwa mto Yangtze. Kiangazi chake kina joto lenye unyevu, lile la kumlowesha mtu jasho hata akiwa amekaa tu. Mwaka 1972, katika viunga vya mji huo, mahali paitwapo Mawangdui, wanaakiolojia walifukua kaburi la Xin Zhui, mke wa Li Cang, waziri mkuu wa ufalme wa Changsha. Bibi huyo alizikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, lakini mwili haukuwa umeoza. Walipoupasua walikuta ndani yake mbegu 138 za tikiti, dalili kwamba alifariki matikiti yalipokuwa yameiva, yaani wakati wa joto.

Alizikwa na nguo nyingi, na mojawapo ni joho la hariri lisilo na bitana. Urefu wake ni sentimita 128, mikono ikinyooshwa, toka ncha hadi ncha, inafika kama sentimita 190, na uzito wote, pamoja na kola na mapindo ya mikono, ni gramu 49. Ni yai moja la kuku wa kienyeji! Mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, vimeachana, na nafasi kati ya nyuzi ni kubwa kuliko nyuzi zenyewe. Mafundi wa zama zetu waliojaribu kulifuma upya walipata mavazi mazito kuliko lile la asili, kwa sababu viwavi vya hariri wanaofugwa siku hizi ni wanono na uzi wao ni mnene. Ilibidi watafutwe viwavi wadogo. Kila nikiwasimulia wanafunzi habari hii nawaomba wamfikirie mfumaji yule, ambaye jina lake hatulijui.

Siri basi haikuwa kuacha mwili wazi. Nguo pana na nyepesi huzuia jua lisiguse ngozi, na upepo ukapita kati ya nguo na mwili. Mtu wa Pwani aliyevaa kanzu mchana wa Januari hahitaji kuelezwa zaidi.

Hariri ilikuwa ya wenye uwezo. Wengine walivaa nguo za nyuzi za mimea, na hapa ndipo penye utamu kwa mtu wa kazi yangu. Kulikuwa na katani (si mkonge, bali nyuzi za mmea wa jamii ya bangi), kulikuwa na rami, na kulikuwa na mmea utambaao uitwao ge, ambao nyuzi zake zilitoa kitambaa laini au cha kukwaruza kulingana na ufundi. Habari za Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, zinasema kwamba siku za joto alivaa nguo ya ge ya tabaka moja, ila hakutoka nje bila kuongeza vazi jingine. Heshima ilikuwa na gharama yake hata wakati wa jua kali.

Huwa nafanya jaribio dogo darasani. Nalowesha kipande cha hariri na kipande cha rami, kisha navilaza kwenye mkono wa mwanafunzi. Hariri inanata palepale, unaona hadi vinyweleo chini yake. Rami inabaki imejikunyata, imeinuka, hewa inapita chini yake, na inakauka upesi. Mkulima aliyevaa rami shambani alikuwa na nguo inayofaa kazi yake kuliko joho la bwana wake.

Wenye hariri walilijua tatizo hilo la kunata. Karne nyingi baadaye, enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China (1644–1912), walikuwa na fulana ya mianzi. Vijiti vyembamba vya mwanzi, vyenye tundu katikati, vilikatwa vipande vidogo kama shanga ndefu, vikatungwa kwa uzi hadi vikawa wavu wenye matundu ya umbo la almasi, kisha shingo na pindo zikazungushiwa kitambaa. Ilivaliwa ndani kabisa, juu ya ngozi, na joho likaja juu yake. Jasho lilibaki mwilini, upepo ukapita kwenye matundu, na hariri haikulowa.