Mgeni wa harusi Dar es Salaam: yanayosemwa na yalivyo

Kwaresima ikiisha, kumbi za Dar es Salaam hushikwa zote kwa mkupuo. Ndoa zilizokuwa zimesimama hupangwa wiki baada ya wiki, na kadi huanza kumiminika kwenye simu za watu wa Moshi, Bukoba, Songea na Tabora. Pamoja na kadi huja ushauri, na mwingi wake ni wa enzi zile stendi ikiwa Ubungo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, wametawanyika katika wilaya tano, na mgeni anayepanga safari kwa ramani ya zamani atafika ukumbini keki imeshakatwa.

Kabla ya yote, panga safari kuanzia mwisho wake. Jiulize: saa 6 usiku, muziki ukizimwa na viatu viko mkononi, nitakuwa naelekea wapi? Jibu la hapo ndilo litaamua ulale wapi, ushukie wapi na urudi lini. Dhana nyingi hapa chini zimepotoka kwa sababu zinaanza kuhesabu asubuhi.

“Nina ndugu Dar, malazi siyo shida”

Ndugu unaye. Anaishi wapi? Waliojenga miaka hii wamejenga pembezoni: Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, Bunju, Kibamba. Kumbi zinazopendwa na maharusi ziko Mbezi Beach, Mikocheni, Sinza, Ubungo, Tabata. Ukitoka ukumbi wa Mbezi Beach kwenda kulala Chanika umevuka karibu jiji zima, na saa hizo za usiku daladala za kuunganisha hazipo. Inabaki teksi ya kuita kwa simu, na dereva akishaona unaelekea barabara ya vumbi anaweza kughairi huku wewe bado umesimama getini na gauni lako.

Halafu nyumba yenyewe. Wewe si mgeni pekee wa shangazi wiki hiyo. Magodoro yametandikwa sebuleni, bafu ni moja, watu kumi na wawili wanataka kuoga saa 7 mchana ili wawahi ibada, na pengine ndiyo siku ya mgawo wa maji. Pasi inagombewa. Kuna mtu atavaa shati la mwenzake.

Kinachowazuia wengi kuchukua chumba, hata wenye uwezo, ni hofu ya kuonekana wanajitenga. Kufika mjini ukapita mlango wa shangazi ukaenda kulala gesti ni jambo linaloweza kuzungumzwa kwenye vikao vya ukoo hadi mtoto wako naye aoe. Ila lina njia yake. Fika Ijumaa, nenda kwa shangazi, toa shikamoo, kula, lala hapo. Jumamosi asubuhi hamia karibu na ukumbi, na sababu utakayompa ni ya kweli: mtatoka usiku mwingi na hutaki kumwamsha mtu saa 8 afungue geti. Mwambie kabla hujasafiri, tena kwa kumpigia. Habari hii ikipelekwa kwa ujumbe mfupi huonekana kama taarifa, na shangazi hapewi taarifa, anaombwa ruhusa.

“Kamati imeshapanga pa kulala wageni”

Haijapanga. Bajeti ya kamati ya harusi ina ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, picha na video, mshereheshaji, magari ya msafara. Malazi yakiwemo, mara nyingi ni ya wazazi na wazee wachache wa ukoo waliotoka kijijini. Ukiwa na miaka arobaini na kazi yako, hesabu kwamba unajitegemea.

Kamati inaweza kukusaidia kitu kingine, na watu hawakiombi: majina ya loji tatu zilizo karibu na ukumbi. Ukumbi unajulikana miezi kadhaa kabla. Mtu mmoja wa ukoo mwenye mdomo wa biashara akienda kwa meneja wa loji na kusema “nina vyumba kumi, Ijumaa hadi Jumapili,” bei inashuka, na ndugu wote wanalala korido moja. Asipojitokeza, kila mmoja atahangaika kivyake kwa bei ya mlangoni.

“Gesti za Dar ni za wahuni” na mwenzake, “Gesti ni gesti, popote nitalala”

Dhana hizi mbili hukaa kwenye familia moja: mama anayo ya kwanza, kijana anayo ya pili. Zote mbili zinaumiza.

Zipo gesti zinazoishi kwa wateja wa saa moja moja. Utazijua kwa swali moja ukipiga simu: “Bei ya kulala ni ngapi, na ya mapumziko ni ngapi?” Akikujibu zote mbili haraka haraka bila kufikiri, hapo usimpeleke mama mkwe. Zipo pia loji tulivu kabisa, Sinza hiyohiyo inayosemwa vibaya, Mwenge, Kijitonyama, Mbezi, zenye kitabu cha wageni kinachojazwa kweli na mhudumu anayedai kitambulisho. Mhudumu mkali wa kitambulisho ni dalili njema. Beba cha NIDA, usiseme kipo kwenye simu.

Mambo ya kuuliza kabla ya bei: kiyoyozi kipo na kinafanya kazi? Umeme ukikatika kuna jenereta? Maji yanatoka bombani au kwenye ndoo? Chandarua kipo? Chini kuna baa? Hilo la baa usilidharau. Loji yenye baa uani siku ya Jumamosi haina usiku. Muziki wa ukumbini utakwisha, wa chini ya dirisha lako utaendelea. Na uliza saa ya kuacha chumba. Sehemu nyingi ni saa 4 asubuhi, na aliyelala saa 9 alfajiri atagongewa mlango akiwa bado ndotoni. Wengine hukubali kukuongezea masaa ukiomba jana yake. Asubuhi yenyewe hawakubali.

Kuhusu malipo: picha ya chumba kizuri mtandaoni siyo chumba. Ukiombwa advansi, lipa kwa namba ya malipo ya biashara na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa la mtu binafsi asiyehusiana na loji, acha, mtume kijana wa Dar akaangalie kwanza. Ndugu wa mjini ana faida nyingi kuliko godoro lake.

“Nishushe Ubungo”

Stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis, na kituo hicho chenye jina la Magufuli kilizinduliwa Februari 2021. Kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, katikati ya jiji. Baadhi ya kampuni bado zina ofisi upande wa Shekilango na huendelea hadi huko, kwa hiyo muulize kondakta mapema gari linaishia wapi. Kama ukumbi uko Goba au Kibamba, kuendelea hadi Shekilango ni kujirudisha nyuma.

“Basi halitembei usiku”

Lilikuwa halitembei. Tangu Oktoba 2023 mabasi yenye kibali yanasafiri saa 24. Kwa mtu wa Mwanza, mwenye zaidi ya kilomita 1,100 mbele yake, hii ni nafuu na ni mtego pia. Nafuu, kwa sababu unatoka kazini Alhamisi na kupanda jioni. Mtego, kwa sababu ukipanda la mchana, gari linaweza kukufikisha Mbezi Luis saa 9 usiku. Ikitokea hivyo, kaa ndani ya stendi, kunywa chai, subiri kupambazuke. Usichukuliwe na bodaboda wa kwanza anayekuita “mjomba.”

Wa Dodoma na Morogoro wana treni ya umeme tangu katikati ya 2024: Morogoro ilianza Juni, Dodoma Julai. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili huwahiwa, na treni hiyo siyo ya magunia. Mchele wa zawadi upakie kwenye basi. Stesheni yake iko katikati ya jiji, ila treni za kawaida husimama Pugu pia, na kwa anayekwenda Gongo la Mboto au kwa yule shangazi wa Chanika, kushuka Pugu kunaokoa nusu ya foleni.

“Kadi imeandika saa 12, waswahili hatuendi na saa”

Nusu yake ni kweli. Maharusi wakiingia ukumbini saa 2 usiku hakuna atakayeshangaa. Uongo uko kwenye mwisho: kuanza kunasogea, kufunga hakusogei. Ukumbi umelipiwa hadi saa fulani, mara nyingi saa 6 usiku, na mshereheshaji aliyeanza kwa kuchelewa atakata hotuba na zawadi, hataongeza muda. Mgeni aliyekuja saa 3 kwa kujiamini hukuta meza ya ukoo wake imekaliwa na watu asiowajua.

Foleni ya Jumamosi nayo ina tabia yake. Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge kwenda Tegeta hubana alasiri, wakati uleule misafara ya harusi inapotoka makanisani na tarumbeta zao kwenye pikapu. Kama ibada ni Posta na ukumbi ni Mbezi Beach, usirudi gesti “kubadilisha nguo mara moja.” Nguo ya pili itembee nawe. Kamati ikiwa imekodi Kosta, uliza kama inarudisha watu usiku. Kuna Kosta nyingi za kwenda tu.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, zikishuka, bonde la Jangwani hujaa na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo. Mwenye harusi upande mmoja na kitanda upande wa pili wa bonde atalala alipo.

“Nimeshachanga, mlangoni wananijua”

Mlangoni hakuna anayekujua. Kuna vijana wa kukodi wenye orodha au wa kupiga skani kadi kwenye simu. Kadi ya mmoja ni ya mmoja, ya wawili ni ya wawili, na mtoto wa miaka sita ni mtu. Kama umemleta, tafuta wa kubaki naye loji kabla ya siku yenyewe. Kumwingiza kwa kumbembeleza mlinzi kunawaaibisha wenye shughuli.

“Harusi ni ukumbi”

Kwa Wakristo wengi wa mjini, ndiyo. Ndoa ya Kiislamu huweza kufungwa mchana msikitini au nyumbani, wanaume wakala pilau na kutawanyika kabla ya jua kuzama, huku shughuli za wanawake zikiwa na siku na mahali pake. Hapo ile hesabu ya saa 6 usiku inageuka: lala karibu na nyumba ya shughuli, Magomeni, Temeke, Ilala, na mke na mume waulize kila mmoja ratiba ya upande wake.

“Suti ni suti”

Ya sufu ya Njombe iache Njombe. Kati ya Desemba na Machi utaivua kabla ya supu.

“Desemba kuna mabasi mengi, nitapata tu”

Mengi, na yote yanaelekea upande mmoja. Kuanzia katikati ya Desemba Dar inajimimina Kaskazini kwenda kula Krismasi. Mgeni anayetoka Moshi kuja kwenye harusi ya tarehe 20 atapanda gari lenye siti tupu na kudhani kurudi ni hivyohivyo. Kurudi tarehe 21 au 22 atagombea siti na nusu ya Wachaga wa Dar. Januari mambo hugeuka, shule zikifunguliwa, na kuja ndiko kunakuwa kugumu. Kwa harusi ya Desemba, kata tiketi ya kurudi kwanza, ndipo ukate ya kuja, na uikate ya Jumapili mchana au Jumatatu. Basi la alfajiri ya Jumapili, kwa mtu aliyecheza hadi saa 6, litaondoka na begi lake bila yeye.