Moto wa Mfalme Ukizimika: Jamii ya Kubuni Baada ya Utii Kuvunjika

Katika kikundi cha waandishi wa Kiswahili kinachokutana hapa Kampala, ambacho nimekuwa nikikisaidia katika masuala ya historia, kijana mmoja alitusomea sura ya riwaya yake ya kifantasia. Katika nchi aliyoibuni, kila jiko huwashwa kwa kaa lililotoka katika moto wa mfalme, na anayelipokea hula kiapo cha kumtumikia mfalme huyo hadi kufa. Mfalme anawasaliti watu wake, kiapo kinavunjika, na usiku uleule mioto yote ya nchi inazimika kwa pamoja. Sote tulinyamaza, kwa maana picha ile ilikuwa nzuri kweli. Lakini ukurasa uliofuata uliruka miaka mitatu na kutufikisha katikati ya vita, na hapo nikamsimamisha nimwulize swali moja: jioni ya siku ya pili, mama mwenye watoto wanne alipika kwa moto wa nani?

Wazo lake lina asili katika ardhi hii. Katika ufalme wa Buganda ulikuwapo moto wa gombolola, uliowaka kwenye lango la ikulu muda wote wa uhai wa Kabaka, yaani mfalme wa huko, na kuzimwa alipofariki, hata kusema kwamba moto umezimika kukawa ndiyo njia ya heshima ya kutangaza msiba huo. Kijana alikuwa ameokota kitu chenye thamani. Kilichokosekana ni kile ambacho hukosekana katika riwaya nyingi za aina hii ninazoletewa: mwandishi anauona utii kuwa ni hisia iliyomo kifuani mwa shujaa, kwa hiyo ukivunjika anatuonyesha machozi, hasira na panga.

Mimi nafundisha historia ya falme za Maziwa Makuu, na katika falme hizo utii ulikuwa kazi kabla haujawa hisia. Mtu alimtii mkuu wake kwa sababu huyo ndiye aliyempa mahali pa kupanda migomba, aliyesikiliza kesi yake na jirani, aliyempa ulinzi vita vilipokuja na kumpa nyama siku ya karamu. Utii ule ukikatika, migomba bado inahitaji ardhi na kesi bado inahitaji mwamuzi. Kazi zile lazima zipate mtu mwingine wa kuzifanya, na atakayezishika mwanzo, awe mdogo kiasi gani, ndiye ambaye jamii mpya itaanza kujisuka kumzunguka.

Mfano ninaourudia darasani kila mwaka ni Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya ufalme huo na Waingereza, kwa sababu unaonyesha jinsi utii unavyoweza kufa bila mtu yeyote kuusaliti hadharani. Kabla ya mkataba huo, mkopi, yaani raia wa kawaida, alikwenda kwa chifu, akaomba mahali pa kuishi, akawa mtu wake. Waganda waliita kitendo hicho okusenga. Chifu naye hakuwa na ardhi ya milele, maana Kabaka alimteua na aliweza kumwondoa, na fahari yake ilipimwa kwa wingi wa watu waliomzunguka. Chifu mkatili aliamka na kukuta nyumba zimebaki tupu, kwa kuwa watu walifunga mizigo na kwenda kusenga kwingine. Haki hiyo ya kuondoka ndiyo iliyomfanya mkubwa amhitaji mdogo kama vile mdogo alivyomhitaji mkubwa.

Mkataba ulitiwa saini wakati Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, na nchi ikiongozwa na wasimamizi watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Humo zilitengwa maili za mraba 8,000 kwa ajili ya machifu na wamiliki binafsi, na kutokana na kipimo hicho cha maili ardhi hiyo ikaitwa mailo hadi leo. Mwenye mailo aliweza kuirithisha na kuiuza. Tangu siku hiyo hakuhitaji tena kuzungukwa na watu ili awe mkubwa, kwa kuwa ukubwa wake sasa uliandikwa kwenye karatasi. Mkopi aliyekuwa mtu wa chifu akawa mpangaji wa chifu yuleyule, akiishi katika nyumba ileile na kupiga magoti kwa namna ileile aliyofundishwa na mama yake, ilhali kile kilichokuwa kikirudi kwake kutoka juu kilikuwa kimekwisha kukauka.

Hapa ndipo ningependa waandishi wetu wakae kwa muda mrefu. Maneno na ishara za utii huishi kuliko utii wenyewe, na riwaya inayotuonyesha mtu akipiga magoti mbele ya bwana ambaye hamhitaji tena itatuumiza kuliko sura kumi za vita. Mbaya zaidi, katika ugawaji ule wakuu wa koo, wanaoitwa bataka, walikuta maeneo ya butaka, yenye makaburi ya wazee wao, yamo ndani ya mali ya watu wengine. Hebu fikiria unakwenda kufyeka majani kwenye kaburi la babu yako na unatakiwa kwanza kuomba ruhusa kwa mgeni. Malalamiko yao yalitikisa miaka ya 1920, na ingawa hawakurudishiwa ardhi, mwaka 1928 ilipitishwa sheria ya Busuulu na Envujjo iliyoweka kikomo cha kodi na tozo za mazao, na kumzuia mwenye ardhi kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama.

Sheria ile ilikuwa ya haki, nami naitetea, lakini ilikata uzi wa pili. Mwenye ardhi alikuwa amekwisha kuacha kumhitaji mkopi, na sasa mkopi naye hakulazimika tena kutafuta fadhili zake, maana alikuwa na mahakama nyuma yake. Kati ya uzi wa kwanza na wa pili ilipita karibu miaka 30, na mwandishi anayebuni nchi yake ajiulize ni kizazi gani kilizaliwa katikati hapo, kikisikia hadithi za machifu wakarimu na kuwaona watoza kodi.

Ziko njia nyingine za kuvunjika, nazitaja kwa ufupi. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alipounda majeshi ya kudumu ya Abarusura, alipunguza haja yake ya kutegemea wapiganaji wa machifu wa majimbo. Huyo ni mfalme anayelegeza mafungamano ya zamani kwa mkono wake mwenyewe ili apate nguvu, naye hupata nguvu hizo kweli. Baada ya kushindwa kwake, wakoloni waliweka machifu wa Kiganda juu ya Wanyoro, na mwaka 1907 ukaja upinzani wa Nyangire, neno lenye maana ya nimekataa. Watu waliokwisha kumpoteza mfalme wao hawakukubali kwamba utii wao unaweza kukabidhiwa mtu mwingine kama mzigo. Na huko katika ufalme wa Ankole palikuwa na ngoma ya kifalme, Bagyendanwa, iliyokuwa na kundi lake la ng'ombe, na mtu aliyefilisika aliweza kusaidiwa kutoka katika kundi hilo. Kwa mwandishi wa fantasia ngoma kama hiyo ni hazina, kwa sababu mfalme anaweza kuwa mwovu na watu wakaendelea kuwa waaminifu kwa ngoma.

Kinachonigusa zaidi ni kilichotokea baada ya 1966, jeshi la serikali ya Uganda liliposhambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo na Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, na kwa miaka 26 hapakuwa na Kabaka kwenye kiti. Waliobaki na kazi ni zile koo zilizopoteza makaburi mwaka 1900: ndizo zilizoendelea kuwapa watoto majina, kuzuia ndoa za watu wa ukoo mmoja na kumtawaza mrithi wa marehemu. Ufalme uliporudi mwaka 1993 ulirudi bila mamlaka ya kutawala na bila kodi, na bado, makaburi ya Makabaka huko Kasubi yalipoungua mwezi Machi 2010, watu walichanga kwa hiari yao ili yajengwe upya. Utii usiolazimishwa na mtu yeyote ni jambo ambalo sijaliona bado katika riwaya ya kifantasia ya Kiswahili, na nalingoja kwa hamu.

Kijana yule alirudi baada ya majuma mawili na ukurasa mmoja tu mpya. Mama wa watoto wanne anakumbuka kwamba mfua vyuma wa kijiji, mtu ambaye wenyeji hawakumruhusu kula nao sahani moja, anajua kupekecha moto kwa vijiti. Anakwenda gizani akiwa na kigae cha chungu mkononi, anasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anabisha hodi katika nyumba ile. Mfua vyuma anamwekea kaa juu ya kigae. Yule mama, kwa mazoea, anaanza kupiga magoti ili aape, kisha anasita, kwa sababu hajui maneno ya kumwambia mtu huyu. Anamwuliza kama amekula.