Je, wajua kwa nini tafiti nyingi za saikolojia zikirudiwa hazitoi matokeo yale yale?

Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek wa Marekani lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimevuka kizingiti cha kitakwimu, yaani kiwango cha kulihesabu tokeo kuwa huenda si la bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizokivuka.

Jibu linalowajia wengi haraka ni udanganyifu. Wadanganyifu wapo, kama Diederik Stapel, profesa wa Uholanzi aliyebainika mwaka 2011 kuwa alikuwa akibuni data, lakini visa vya namna hiyo havitoshi kueleza pengo lote hilo. Wala utafiti ulioshindwa kujirudia hauwi wa uongo papo hapo, kwani hata huo wa pili huweza kupotoka kwa bahati au kwa uchache wa washiriki. Kiini cha tatizo ni mwenendo ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa kazi ya kawaida.

Kwa desturi, kizingiti hicho ni hiki: tokeo hupokewa iwapo bahati peke yake ingelileta chini ya mara 1 katika 20. Mfikirie kijana anayeurushia mwembe mawe mchana kutwa, kisha embe moja linapodondoka anatangaza kwamba ndilo alilolilenga. Embe ni la kweli. Shabaha ndiyo iliyochaguliwa baadaye. Mtafiti naye hupima mambo kadhaa, huwaondoa washiriki fulani, huongeza wengine, huwatenganisha wanawake na wanaume, na kila uamuzi ni jiwe jingine, hata kama hana nia mbaya.

Watafiti Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walilithibitisha hilo mwaka 2011 kwa kituko cha makusudi: kwa data halisi za wanafunzi 20, "walionyesha" kuwa kusikiliza wimbo wa The Beatles kuhusu kufikisha miaka 64 kulimpunguzia msikilizaji umri wa takriban mwaka mmoja na nusu. Siri ilikuwa kuchagua vipimo baada ya kuona data, ukiwamo umri wa baba wa kila mwanafunzi.

Sasa yapo majarida yanayoukubali utafiti kwa kusoma mpango wake, kabla data hazijakusanywa. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba nadharia tete ya kwanza, yaani dhana ambayo utafiti unaipima, iliungwa mkono katika asilimia 44 ya makala za aina hiyo, dhidi ya asilimia 96 katika zile za kawaida. Inawezekana wanaotumia utaratibu huo huchagua maswali magumu zaidi, ingawa tofauti kubwa kiasi hicho si rahisi kuielezea kwa sababu hiyo peke yake.