Kitulo–Matema na Mwanihana, ipi ngumu? Mambo tunayodanganyana

Wapanda milima wa hapa Mbeya tukikutana ubishi ni uleule, nani mkali, yule aliyepanda msitu wa Udzungwa mpaka kilele cha Mwanihana au sisi tulioshuka kwa miguu toka Kitulo mpaka Matema ziwani. Mi nimeenda zote mbili na nimeteseka zote mbili, ila kilichonitesa sicho nilichokuwa nimeambiwa, ndo maana naandika.

Uongo mkubwa kuliko wote ni huu, "Kitulo–Matema ni mteremko bwana, unajiachia tu." Huu niliuamini kabisa. Ni kweli unashuka, uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, yani unashuka zaidi ya mita 2,000 kwa magoti yako mwenyewe. Sasa we fikiria lori linaloshuka mlima Kitonga, injini haisumbuki, kinachoungua ni breki. Na paja ndo hivyohivyo, ukipanda msuli unajikunja unasukuma, lakini ukishuka unafanya kazi huku unavutwa urefuke, unazuia uzito wa mwili na begi kila hatua, na kazi ya aina hiyo ndo inayochana nyuzi za msuli vidogovidogo. Tena haikwambii palepale. Mapafu yametulia, unapiga stori, unajiona bingwa, maumivu yenyewe yanakuja kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Mi nilifika Matema nacheka, nikaogelea, nikala samaki, nikarudi zangu Uyole, kesho yake asubuhi nikaingia choo cha kuchuchumaa nikashindwa kushuka, nikifanikiwa kushuka nashindwa kuinuka, nimeshika ukuta kama mzee wa miaka 90.

Hapo kuna mtu atasema mbona njiani tulipishana na mama wa Kikinga ana malapa na mzigo kichwani, anasalimia "kamwene" na hata hahemi, kwa hiyo njia rahisi. Hapana ndugu yangu, huyo mama ndo mgumu, njia haijawa rahisi kwa sababu yake. Msuli ukishapata kipigo cha kushuka mara moja unajijenga, ukishuka tena wiki chache baadaye hauumii kama mwanzo, sasa huyo kaanza akiwa mtoto mdogo! Kwa hiyo badala ya kukimbia uwanjani mwezi mzima, wiki mbili tatu kabla ya safari panda hata hicho kilele cha Mbeya hapo juu ya mji, halafu mazoezi yenyewe yahesabie wakati wa kushuka.

La pili linasemwa sana na watu waliopanda Rungwe. "Mwanihana mita 2,100 na kidogo, hicho ni kilima, mi nimesimama 2,960." Sawa, ila uliondokea wapi? Hapa kwetu tunaishi juu tayari, ukienda Kitulo kwa kupitia Chimala gari ndo linapanda zile kona za Hamsini na Saba mpaka Matamba, we umekaa dirishani unakula mahindi. Mwanihana unaanzia Mang'ula bonde la Kilombero, kama mita 300 hivi, kwa hiyo karibu mita 1,800 zote ni za miguu yako. Urefu wa kilele unaupigia picha tu, unachokilipia ni tofauti kati ya chini ulipoanzia na juu ulipofika.

Hata Wamarekani wanabishana hivihivi. Wana njia mbili ndefu za kutembea kwa miguu milimani, Appalachian Trail, kama kilomita 3,500, na Pacific Crest Trail, kama kilomita 4,265. Ya pili ni ndefu zaidi na inafika mita 4,009 wakati ya kwanza inaishia kama mita 2,025, basi mtu anamaliza hesabu hapo. Lakini ile ya Pacific ilichongwa ipitike na farasi, mwinuko wake wa polepole, unazunguka zunguka, na ile ya Appalachian sehemu nyingi inapanda wima kwenye mawe na mizizi, inashuka, inapanda tena. Ya Pacific nayo ina jangwa na theluji, siidharau. Ninachosema ni kwamba namba moja haikuambii kitu.

Turudi Udzungwa, maana kuna hili la watu wa Iringa hasa. "Udzungwa si Iringa, beba masweta." Ni kweli hifadhi imelala Iringa na Morogoro, ila lango la Mang'ula liko upande wa Morogoro, kwenye joto na mashamba ya miwa, siyo Mufindi kwenye chai. Na usidhani kivuli cha msitu kinakuokoa. Jasho linakupoza pale linapokauka, ndani ya msitu hewa imejaa unyevu na upepo hamna, jasho halikauki, linatiririka tu bure na joto linabaki na wewe. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja, mtu wa Makete, alikuwa na jaketi zito la mitumba la Mwanjelwa, alilibeba siku zote tatu kama mtoto mgonjwa.

Jaketi hilo mahali pake ni Kitulo. Watu wanasikia bustani ya Mungu, maua, wanaenda na jinzi na fulana ya pamba, halafu inapiga mvua na upepo kule uwandani ambako hamna hata mti wa kujibanza. Pamba ikilowa inakunyonya joto, na baridi ya kumwangusha mtu haihitaji barafu. Shida nyingine ni kwamba mwisho wa safari ni ufukweni kwenye joto la Kyela, kwa hiyo unabeba nguo za nchi mbili.

Uongo wa mwisho ni huu, "Kilomita 38 kwa siku tatu, hiyo Mwanihana mbona matembezi ya kwenda shamba." Mskochi mmoja, Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892, saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo mita 1,800 peke yake ni saa tatu za ziada, na hapo kapiga hesabu ya mtu mzima wa afya kwenye njia nzuri, siyo tope na mizizi na begi la hema. Halafu kuna tembo na nyati, unatembea na askari wa hifadhi, na akisema simameni mnasimama.

Sasa ukinibana nichague, nasema Mwanihana ngumu zaidi, maana unapanda zile 1,800 kwenye joto halafu unarudi unazishuka zote, injini na breki vyote vinaungua. Ila aliyekwenda Mwanihana alikuwa amejiandaa. Wa Matema ndo unawakuta Jumatatu wanashuka ngazi za ofisini kinyumenyume.