Dinamo ya Habu: Yanayosemwa na Yaliyomo Ndani

Hapa Busia, upande wa Uganda, dinamo ya baiskeli (kifaa kinachozalisha umeme wa taa) tuliyoizoea ni ya kichupa, ile inayosugua tairi. Ikiletwa baiskeli ya mtumba yenye dinamo ndani ya habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, maneno huwa mengi. Dawa yake ni kuifungua.

"Ndani mna betri." Hamna. Mna koili ya waya wa shaba, mabamba ya chuma yaliyokunjwa kama makucha, pete ya sumaku na gololi.

"Koili ndiyo inayozunguka." Kinyume chake. Koili imeshikana na ekseli, nayo ekseli imefungwa kwenye foku. Kinachozunguka ni ganda la habu, na sumaku zimebandikwa ndani yake. Ndiyo maana hakuna brashi za kaboni za kulika. Mwanasayansi Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na koili huzalisha umeme, na mitambo ya bwawa la Nalubaale pale Jinja huzalisha umeme kwa kanuni hiyohiyo.

"Ikikwamakwama mkononi, itamchosha mwendeshaji." Hili ndilo linaloharibu habu nyingi nzima. Ukizungusha ekseli kwa vidole utahisi inakwama, inaachia, inakwama tena, na fundi hukimbilia kulegeza koni, zile zinazobana gololi. Gololi hazina kosa! Sumaku inavuta makucha ya chuma: ikiyakaribia inasaidia mzunguko, ikiyaacha inauzuia. Gurudumu likishika mwendo, msaada na kizuizi karibu vinafutana. Taa ikiwaka, miguu inalipa wati tano au sita hivi, na mwendeshaji wa kawaida hutoa kama wati 100.

"Kwenye mteremko balbu zitaungua." Dinamo hizi hupimwa kwa volti 6 na wati 3, yaani nusu ampea. Kasi ikizidi, volti hutaka kupanda, lakini umeme nao hugeuka mwelekeo upesi zaidi, na koili yenyewe huupinga zaidi. Mkondo hubaki karibu palepale. Hatari ya kweli ni balbu ya mbele ya wati 2.4 kukatika: mkondo wote huiendea ile ya nyuma ya wati 0.6, nayo hufuata.

"Unaunga simu moja kwa moja." Usithubutu. Huo ni mkondo geu, unaogeuka mwelekeo kila mara. Unahitaji kwanza diodi za kuufanya uende upande mmoja, na kidhibiti volti.

"Ukiifungua umeiua." Hapa pana ukweli nusu. Dynohub, yaani dinamo za habu za zamani za kampuni ya Sturmey-Archer, hupoteza nguvu ya sumaku ukichomoa koili bila kuweka pete ya chuma mahali pake. Za kisasa hazina shida hiyo. Kinachoziua ni waya mwembamba unaopita kwenye mfereji wa ekseli: ukilazimisha nati za upande wa kiunganishi, waya unajisokota na kukatika. Anzia upande wa pili, na ufanye kazi mbali na meza ya tupa, kwa maana unga wa chuma ukishang'ang'ania sumaku, kuutoa ni kazi kubwa.