Kumtazama Freddie Mercury Sebuleni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wapenzi wa roki jijini Nairobi hawakupata kumwona Freddie Mercury jukwaani mjini mwao. Kundi lake, Queen, halikuwahi kutumbuiza Afrika Mashariki, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akakaa huko utotoni kabla ya kupelekwa shule ya bweni nchini India. Onyesho lake la mwisho na kundi hilo lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986, na alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Kwa hiyo mkazi wa Buruburu au Lang'ata anayetaka kumjua mwimbaji huyu akiwa mbele ya umati hana njia nyingine isipokuwa filamu za matamasha yake, na inasikitisha kwamba mara nyingi filamu hizo hutazamwa juujuu, kana kwamba ni kumbukumbu hafifu ya kitu kilichokwisha. Naamini kwamba filamu ya tamasha ni kazi kamili inayojitegemea, na kwamba hutengenezwa mara mbili, kwanza jukwaani, kisha katika chumba cha kuhariri. Dhana nyingi potofu kuihusu hutokana na kusahau mojawapo ya hatua hizo.

“Tunachokiona ni usiku mmoja, kama ulivyokuwa”

Hii ndiyo dhana inayoshikiliwa sana, na ndiyo inayostahili kufafanuliwa kwa kirefu. Filamu ya tamasha la Queen mjini Montreal, Kanada, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayeanza, ilirekodiwa kwa siku mbili mfululizo, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, na kile tunachokitazama kimeunganishwa kutoka maonyesho yote mawili. Sababu mojawapo ya waongozaji kupenda kurekodi zaidi ya mara moja ni ya kiufundi tu. Kamera za filamu ya milimita 35 hutumia mkanda halisi unaozunguka ndani yake, na mkanda wa futi 1,000 humalizika baada ya dakika 11 hivi, kisha kamera hunyamaza mpaka ibadilishiwe mkanda, huku mwimbaji akiendelea kuimba bila kumngoja mtu.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili hautoki kwa Queen. Tarehe 25 Novemba 1976, Martin Scorsese alikuwa akirekodi tamasha la kuaga la kundi la The Band huko San Francisco, kwa ajili ya filamu ya The Last Waltz. Mkongwe wa bluzi, Muddy Waters, alipokuwa akiimba, kamera karibu zote zilikuwa zikibadilishiwa mikanda, na iliyoendelea kufanya kazi ilikuwa ya mpiga picha mmoja, László Kovács. Ndiyo maana katika wimbo ule picha inamkazia macho mzee huyo kwa muda mrefu, bila kurukia gitaa wala ngoma, na nguvu yake inaongezeka kadiri anavyoimba. Mtazamaji hudhani mwongozaji alipanga hivyo tangu mwanzo, ilhali chanzo chake ni mikanda iliyokwisha. Katika filamu hiyohiyo, sehemu ya The Staple Singers ilirekodiwa baadaye studioni, pasipo hadhira yoyote.

Kundi la Led Zeppelin lilikwenda mbali zaidi. Matamasha yao ya Julai 1973 katika Madison Square Garden, New York, yalirekodiwa kwa ajili ya filamu ya The Song Remains the Same, lakini kwa mapengo mengi, hivi kwamba mwaka 1974 walilazimika kujenga jukwaa la kuiga katika studio za Shepperton, Uingereza, na kupiga picha za kujazia. John Paul Jones alikuwa amekwisha kukata nywele zake, basi akavaa nywele za bandia. Anayeitazama filamu hiyo kwa makini, akifuatilia nywele, jasho na vifungo vya shati kutoka picha moja hadi nyingine, ataanza kuuona mkono wa mhariri, na kuuona mkono huo ni raha ya pekee ambayo aliyeketi uwanjani hakuweza kuipata.

“Kama kuna kanda au marekebisho, basi tumedanganywa”

Wakenya wamechoka na wasanii wanaopanda jukwaani wakachezesha midomo juu ya pleibeki, na hasira hiyo ina haki yake. Hata hivyo, haifai kumwagwa kila mahali. Katika “Bohemian Rhapsody”, wimbo uliotolewa mwaka 1975, sehemu ya katikati ina kwaya nzima iliyotengenezwa na watu watatu, Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, waliorekodi sauti zao moja juu ya nyingine mara nyingi. Watu wanne hawawezi kuitoa kwaya hiyo jukwaani. Queen hawakujifanya wanaweza. Walitoka jukwaani, wakaiacha kanda ya studio icheze huku taa zikitawala, kisha wakarudi na kishindo cha gitaa. Mtu anayekuonyesha wazi kwamba hayupo hawezi kuitwa mdanganyifu.

Wapo pia wanaosema kwamba sauti ya Mercury “ilimshinda” jukwaani, kwa kuwa noti za juu walizozizoea katika rekodi huimbwa chini zaidi katika tamasha. Ukweli ni kwamba alikuwa na vinundu katika nyuzi za sauti, na ziara za Queen zilimtaka aimbe usiku baada ya usiku, hivyo mara nyingi aliishusha melodi ya wimbo ili kuilinda sauti yake, na noti nyingine za juu kabisa zikachukuliwa na Taylor akiwa nyuma ya ngoma. Kwangu mimi, uamuzi huo unaonyesha ustadi mkubwa kuliko noti yenyewe, kwa sababu unasikia mtu akiutunga upya wimbo wake papo hapo. Kuhusu marekebisho ya studio baada ya tamasha, yapo katika filamu na albamu nyingi za enzi hiyo, The Last Waltz ikiwemo, na hayafuti kilichotokea mbele ya watu.

“Filamu ya zamani haiwezi kuwa safi, na yenye alama ya 4K ndiyo bora”

Mwaka wa kurekodiwa hautoshi kukuambia chochote kuhusu usafi wa picha. Cha kuangalia ni chombo kilichotumika. Tarehe 12 Julai 1986 Queen walirekodiwa Wembley kwa kamera za video za televisheni, na tarehe 27 ya mwezi huohuo wakarekodiwa Budapest kwa filamu ya milimita 35. Video ya Ulaya ya wakati huo ilikuwa na mistari 625, na iliyobeba picha ni 576. Runinga ya 4K ina mistari 2,160, kwa hiyo mashine inayoikuza video hiyo inalazimika kukisia yaliyobaki. Filamu ya milimita 35, kwa upande wake, ina maelezo mengi yaliyofichika yanayoweza kuchukuliwa upya kila vifaa vinapoboreka. Ndiyo sababu Montreal ya 1981 iliweza kuonyeshwa katika kumbi za IMAX, zenye skrini kubwa mno, mwaka 2024, ilhali picha za tamasha la hisani la Live Aid, zilizorekodiwa kwa video miaka minne baadaye, zitaendelea kuwa na ukungu hata katika runinga ya bei ghali.

Runinga mpya nyingi pia hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa kulainisha mwendo, unaobuni picha za ziada katikati ya zile 24 za kila sekunde ambazo filamu ilipigwa nazo. Zima mpangilio huo kwa rimoti kabla ya kuanza.

“Nimeitazama ile sinema ya maisha yake, inatosha”

Haitoshi hata kidogo. Sinema hiyo ya mwaka 2018, iitwayo Bohemian Rhapsody kama ule wimbo, ni mchezo wa kuigiza, Mercury akiigizwa na Rami Malek, na sauti za kuimba zilichanganywa kutoka rekodi za Mercury mwenyewe na za mwimbaji Marc Martel. Inaonyesha kundi likiwa limesambaratika kabla ya Live Aid ya tarehe 13 Julai 1985, wakati kwa kweli Queen walitoa albamu mwaka 1984 na walikuwa ziarani hadi Mei 1985. Inamwonyesha pia akijua kabla ya siku hiyo kwamba ana virusi vya UKIMWI, jambo ambalo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 1987. Anayezitazama dakika 20 hivi za Live Aid yenyewe akiwa na hadithi hiyo kichwani huona majonzi yasiyokuwepo, na huikosa furaha iliyo wazi mbele ya macho yake.

“Roki ni muziki wa Wazungu, tena wa kishetani”

Chuck Berry na Little Richard, miongoni mwa waanzilishi wa roki, walikuwa Wamarekani weusi. Kabla yao Sister Rosetta Tharpe aliyaimba mapambio ya kanisani kwa gitaa la umeme, na mwaka 1964 alirekodiwa na televisheni ya Uingereza kwenye jukwaa la kituo cha reli kilichoachwa huko Manchester, amevaa koti zito, ardhi ikiwa imelowa mvua. Ni tamasha fupi, na linafaa kutazamwa pamoja na wazazi wenye wasiwasi.

“Sauti kubwa ndiyo sauti nzuri”

Ukipita Luthuli Avenue utakuta sabufa zikinguruma mlangoni mwa kila duka la pili, na ni rahisi kuamini kwamba inayotikisa kioo ndiyo ya kununua. Spika za ndani ya runinga ni ndogo na nyingi huelekezwa chini au nyuma, hivyo ni kweli kwamba gitaa la besi la John Deacon halitasikika bila msaada. Sabufa iliyowekwa kwenye kona ya chumba, hata hivyo, huvimbisha besi mpaka ikamfunika mwimbaji, na katika fleti zetu za kuta nyembamba mngurumo huo hupita sakafuni hadi kwa jirani wa chini, ambaye atamwita keyateka kabla ya wimbo wa tatu. Iondoe konani, iweke juu ya kipande cha mpira au zulia nene, upunguze besi mpaka maneno yasikike. Tumia waya badala ya bluetooth ukiweza, kwa kuwa bluetooth mara nyingi huichelewesha sauti, ukaona kijiti cha Taylor kimegonga ngoma kabla mlio haujafika.

“Mtu anaweza kuitazama vipandevipande kwenye simu”

Anaweza, ila atakosa mpangilio. Mercury aliujenga uhusiano na umati hatua kwa hatua, na pale anapowarushia sauti nao wakamrudishia, akishika nusu ya mhimili wa maikrofoni, wanamjibu kwa sababu ya nyimbo zilizotangulia. Skrini ndogo pia humnyima mtazamaji yale ambayo kamera ilisogea karibu kuyachukua, kama vile mikono ya Brian May, anayepiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita gitaa alilolitengeneza pamoja na baba yake.

Gharama ndiyo inayowasukuma wengi kwenye vipande hivyo. Filamu ya saa moja na nusu yenye picha safi hula takriban GB 4 au 5 za bando, na ile ya 4K inaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Aliye na Wi-Fi nyumbani, au rafiki mwenye nayo, aipakue mapema kupitia huduma halali, ili intaneti ikisuasua saa mbili usiku filamu iwe imekwisha kuingia kwenye kifaa chake.